Koko na Nyumba ya Mzungu wa Kinkina

Siku tulifungua ile nyumba ya Buffalo mara ya kwanza, bwana yangu aliangalia dari, watoto wakaangalia simu zao, mimi nikasimama katikati ya saluni, sebule yake, nanusa.

Mbele ya kuhamia pale tulikaa Louisville, upande wa Okolona. Usiku nilikuwa napanga maboksi kwenye depo, mchana nalala kidogo, jioni naenda kusoma Kiingereza na wamama wengine, kila mtu na usingizi wake. Dada yangu wa Columbus alitaka tuhamie karibu naye. Lakini bwana yangu alikuwa amesikia kwamba Buffalo kuna nyumba za zamani, kubwa, za mbao, ambazo mtu anaweza kununua kama hana woga wa kazi. Watu wa kanisa wakanicheka. "Mama, si upange apatimenti nzuri kule Kenmore, pembeni ya Buffalo, utulie? Unaenda kununua nyumba ya mizimu?" Bon, tuliomba, tukafunga, tukanunua.

Siku ile ya kufungua, binti yangu akaziba pua. "Mama, it smells like dead people."

"Inanuka nta, mwanangu. Nta na majivu ya zamani."

Na palepale, rafiki yangu, nikarudi kuwa mtoto wa miaka kumi, kwenye mlima wetu, juu ya ziwa Kivu.

Kijiji chetu kilikuwa cha zamani sana. Ukiuliza kilianza lini, wazee walikuambia, "Uliza mawe." Nyumba zilikuwa za majani na udongo, zimebanana kama watu wenye baridi, maana kule juu baridi ilikuwa inauma kweli. Na juu ya nyumba zote, peke yake, ilikaa nyumba ya mzungu wa kinkina. Kinkina ni ile miti ambayo maganda yake walikuwa wanatengeneza dawa ya malaria. Sisi watoto tulishindana kuyatafuna. Wa kwanza kutema ndiye alibeba kuni za wote.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma na vigae vyekundu. Iko na vyumba ambavyo hatukujua kazi yake. Saluni ilikuwa na sakafu ya mbao, na kwenye ukuta kulikuwa na shimine, ile sehemu wazungu wanawasha moto ndani ya nyumba, na bomba la matofali linapanda mpaka juu ya paa. Lakini mzungu alikuwa ameenda zamani. Mbuzi ndio walikuwa wanalala pale alipokuwa anakula. Mkubwa mmoja wa mjini ndiye alibaki nayo, na hakuitaka. Baba yangu, fundi mbao, akamwachia ng'ombe na vitanda vizuri alivyochonga mwenyewe, akarudi na ufunguo mkubwa kama mwiko.

Kijiji chote kilicheka. "Fundi amenunua kaburi la mzungu!"

Baba hakununua kwa majivuno. Mama yake, sisi tulimwita Koko, alikuwa anaishi kwenye nyumba ya majani ambayo ukuta wake ulikuwa umeinama kabisa, na kila mvua ikija alikohoa mpaka tukasikia kwetu. Baba alitaka alale pakavu. Na kwetu mtoto hawezi kulala chini ya vigae wakati mama yake analala chini ya majani. Haiwezekani, hata kutazamana na watu utashindwa. Donc ilikuwa wazi kwa kila mtu: Koko asipoingia, hakuna hata mmoja wetu ataingia.

Kiangazi kile chote tulifanya kazi. Tulikwangua mavi ya mbuzi kwa majembe. Wamama wa maombi walipaka kuta udongo mweupe, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko. Baba alipanda juu ya paa kubadilisha vigae, sisi tunampasia kimoja kimoja kwa ngazi. Kazi niliyopenda ni sakafu. Mama aliyeyusha nta, akachanganya na petroli ya taa, akapaka, halafu akatufunga vitambaa kwenye miguu: "Haya, chezeni!" Tuliteleza toka ukuta mpaka ukuta, tunaimba nyimbo za kanisa, tunaanguka, tunaamka. Saa ya kula ilikuwa viazi vitamu vya kuchoma na maharagwe. Siku Mungu akitukumbuka, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimekaangwa mpaka vichwa vinalia kwenye meno.

Koko alituangalia toka kwenye uwanja wake kule chini. Hakupanda hata siku moja. Kila jioni baba alishuka kumbembeleza.

"Mama, chumba yako iko tayari. Iko na dirisha mbili."

"Dirisha mbili za kuangalia nini? Mbuzi yangu iko huku."

"Mama, mvua inakuja."

"Ije. Mimi na mvua tunajuana."

Jioni moja mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa, meusi, na baba akashindwa kuvumilia. "Mama, unataka watu waseme nimekutupa?"

Koko aliacha kuchambua maharagwe. Sauti yake haikupanda. "Sikia. Nikiwa msichana nilifanya kazi kule juu. Kila asubuhi, kungali giza, nilikuwa nawasha ile shimine, mzungu aamke akute joto. Niliwasha mpaka nikaolewa. Sikuota moto ule hata siku moja. Unawasha, unatoka. Leo unataka nilale pale, niamke asubuhi nianze kutafuta nani wa kumwashia?"

Baba akaokota maharagwe yaliyoanguka chini. Halafu akasema, "Basi nitakuwashia mimi."

Kwetu mtu akihama, moto wake unahama naye. Makaa yanatoka kwenye mafiga ya zamani, yanabebwa kwenye kipande cha chungu mpaka nyumba mpya. Baba akaomba makaa ya Koko. Koko akamchotea, lakini akamwambia, "Umechukua makaa. Mimi hujanichukua."

Kesho yake baba akamwita mchungaji kuombea nyumba, na wamama wa maombi, na majirani waliokuja kuona kama kaburi la mzungu litafunguka. Mama akabeba makaa tuliyotunza usiku kucha, anayapuliza njiani. Baba, kwa furaha, akajaza shimine kuni za msitu mzima. Mchungaji akaomba, tukaimba, moto ukashika. Halafu tukasikia sauti kule juu kwenye bomba, nene, ya chini, kama kwaya ya wababa inaanza wimbo. Mama mmoja wa maombi akainua mikono. "Amen! Ameitika!"

Ilikuwa nyuki. Miaka yote ile nyumba ilipokaa bure, nyuki walikuwa wamejenga ndani ya bomba toka chini mpaka juu, na katika kukwangua kwetu kote hakuna aliyekumbuka kuangalia mule. Kwanza walishuka wao. Mchungaji aliumwa kwenye jicho akiwa bado anasema "katika jina la". Halafu ikashuka asali. Mwanzo matone, kisha mkondo mzima, wa moto, mweusi kwa masizi, ukaanza kutembea polepole kwenye sakafu yetu ile ya kuteleza. Watu waliruka nje kwa madirisha. Shangazi wa jirani alikwama na kitenge chake, nusu ndani, nusu nje, anaita majina yote ya malaika.

Katika zile kelele hatukumwona aliyeingia. Tulisikia tu fimbo inapiga mbao.

"Nani alikufundisha kuwasha moto? Unachoma ng'ombe hapa?"

Koko alikuwa amesimama katikati ya saluni, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye macho.

"Mama, toka, watakuuma!" baba akalia.

"Wataniuma wapi, mimi mfupa mtupu? Toa kuni. Toa zote! Weye mtoto, kimbia, leta majani mabichi. Nyinyi mnaoning'inia kwenye dirisha, rudini, mnaacha chakula kinamwagika. Mchungaji! Acha kulia, lete beseni."

"Ndiyo, mama," mchungaji akasema, akatafuta beseni kwa jicho moja.

Kila mtu alitumwa, na kila mtu alikwenda. Moshi wa majani mabichi ukapanda, nyuki wakapunguza hasira, wakaondoka na jamaa yao kwenye miti ya kinkina. Tulichota asali kwa vikombe, kwa mwiko, kwa mikono. Koko akaagiza viazi vichomwe kwenye majivu, na tukala vimechovywa asali ya masizi, meno yetu meusi, tunachekana. Mimi sijala tena kitu kama kile, hata kwenye harusi.

Wakati tunakula mvua ikaanza. Ilipiga vigae kwa nguvu, na hatukuona hata tone ndani. Koko alikuwa amekaa chini, mbele ya shimine. Baba, uso umevimba kama boga, akachuchumaa karibu yake.

"Mama..."

"Nyamaza. Ongeza kuni. Moja tu, mtoto yangu. Moja inatosha."

Baba akaongeza. Moto ukapanda kidogo. Na Koko akanyoosha miguu yake, ile miguu mikavu iliyopasuka, taratibu, akaiweka karibu na moto. Watu wakaacha kutafuna. Mama yangu akainuka. Alijifunika jani la mgomba, akashuka kwenye mvua, akarudi na mkeka wa Koko.

Alikaa kwenye nyumba ile mpaka Bwana alipomwita, kwenye chumba chake cha dirisha mbili, kifua kikavu. Sisi sote tulikuwa watumwa wake wa furaha. Chota maji, funga mlango, ita baba yako, kuna nani pale barabarani, nenda uone. Namshukuru Mungu alienda mbele ya vita kufika. Vita ilipofika tulitawanyika. Wanaotoka kule wananiambia vigae vimebebwa, mbao zimechomwa, kinkina yote imekuwa makaa ya kupikia. Baba na mama wamelala ugenini, kwenye udongo wa kambi ya wakimbizi. Nimelia kwa haya yote, nimemaliza.

Sasa tunatengeneza hii ya Buffalo, pole pole. Bwana yangu anang'oa misumari, watoto wanalalamika kwa Kiingereza lakini wanasukuma brashi. Nimetosheka, sidanganyi. Nyumba iko, watoto wako, Jumapili tunaimba. Mimi ndiye natuma watu siku hizi, toka asubuhi mpaka jioni. Ila kuna Jumamosi zingine, niko juu ya ngazi napaka rangi, nyumba imenyamaza, na ninasimamisha mkono kidogo. Nasikiliza kama kuna mtu mkubwa kule chini anaita, "Weye mtoto! Shuka, niletee maji." Ningeshuka mbio.