Bafta ya Idi

Sipendi Idi. Nasema hivi leo kwa kuwa uzee umenipa ruhusa ya kusema, na wajukuu wangu wakinuna na wanune. Swala ya Idi naipenda, biriani naipenda. Kinachonichefua ni vifurushi. Kila mwaka mtu mzima akae sebuleni, afungue kifurushi mbele ya mtoto wake, aseme, "Lo, ahsante mwanangu, umejuaje?" Na mtoto hakujua lolote, wala hakuuliza.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mshonaji pale Dunda, Bagamoyo, mjane mwenye cherehani ya miguu na mabinti wawili walioolewa Dar es Salaam. Mabinti zangu waliniletea vikombe. Idi hii seti ya vikombe, Idi ijayo seti ya vikombe, mpaka nikawa navyo vya kufungulia hoteli, nami chai yangu nainywea kwenye bakuli. Niliwahi kuwaambia waziwazi kwamba ninachotaka ni kupanda garimoshi, mara moja tu, kutoka Dar mpaka Kigoma, nikae dirishani niione nchi. Walicheka wakapigana viganja. Idi iliyofuata wakaniletea birika.

Nilikuwa na wenzangu wawili. Mmoja alikuwa mke wa nahodha mstaafu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye mkwewe alimletea poda ya mwili kila Idi kana kwamba majirani wamelalamika. Yeye alitaka kwenda Lamu kwenye Maulidi, kwa sababu mumewe alishakwenda mara nyingi na kila akirudi alimsimulia nusunusu. Wa pili alikuwa mkubwa wetu sote, nasi tulimwita Bi Mkubwa. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, wa kiume, karani huko Dar. Yeye hakutaka ila Makka.

Kila Ramadhani, baada ya laasiri, walikuja uani kwangu. Mimi nilikuwa juu ya cherehani na magauni ya watoto ya Idi, wao wakisuka ukili wa mikeka, miyaa ya ukindu imelowekwa kwenye beseni katikati yetu. Hapo, na matumbo matupu, tulisafiri. Mke wa nahodha alitupeleka Lamu akatugawia mpaka vyumba vya kulala. Mimi niliwapandisha garimoshi, wakaniuliza choo chake kiko wapi, nikawa sijui. Ikifika zamu ya Bi Mkubwa mzaha uliisha, maana safari yake ilikuwa na ahadi. Siku ya hitima ya mumewe, mwanawe alisimama mbele ya watu akasema atampeleka mama yake Hijja, na yeye mwenyewe atakuwa maharimu wake, mwanamume wa kumsindikiza. Ahadi ile ilishaota mvi. Mara pasi, mara fedha za kigeni, mara anajenga.

"Mwanangu ana mambo mengi," alisema Bi Mkubwa, vidole vikiendelea na ukili. "Lakini neno lake ni moja."

Mimi nilikuwa na maneno yangu juu ya mwana yule. Niliyameza kwa kuwa nimefunga.

Mwaka ninaousema, nguo zilikuwa zimeadimika. Zikisikika kanga zimefika duka la ushirika, watu walipanga foleni toka alfajiri, na mimi niliwashonea watoto magauni ya mapazia ya mama zao. Idi ikiwa imekaribia, utingo wa basi la Dar akamletea Bi Mkubwa kifurushi kutoka kwa mwanawe. Hakukifungua kwake. Alikuja nacho kwangu, amekikumbatia ndani ya buibui, akakiweka juu ya meza ya cherehani.

"Fungua wewe, shoga," akaniambia. "Mikono yangu ina maji."

Haikuwa na maji.

Ndani mlikuwa na bafta nyeupe, mpya, karibu nusu jora, na chupa ya marashi ya waridi. Hapakuwa na kingine. Bafta ni nguo ya kazi nyingi, kila mshonaji anajua: kanzu, shuka, bitana. Siku ile machoni petu ilikuwa na kazi moja tu. Idi ndogo ndiyo hiyo inaingia, Mfunguo Tatu, mwezi wa Hijja, watu wako Arafa, na mwanamke wa kwetu akienda Hijja huvaa nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Mwana ametimiza! Mke wa nahodha alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Bi Mkubwa alikaa chini palepale, akawa anasema "Jamani, jamani," na machozi yanamtoka.

"Nishonee kabla ya Idi," akasema. "Nataka akija anikute nimeshaivaa."

Niliziacha kazi za watu nikamshonea. Kanzu ndefu ya mikono, suruali ya ndani, na mtandio mkubwa wa kufika kiunoni. Pindo nilizipiga mshono mara mbili, zisije zikafumuka njiani. Sikuwa nimeshika nguo mpya kwa muda mrefu, na harufu ya wanga wake peke yake ilinifurahisha. Nilimwonea wivu, nakiri, lakini ulikuwa wivu mtamu. Nilijisemea kwamba kati yetu watatu, mmoja atakwenda kweli, na akirudi hatatusimulia nusunusu.

Idi Mosi, mchana, mwana akaja, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mimi na mke wa nahodha tulishakaa mkekani, maana tusingelikubali kusimuliwa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Idi Mubarak."

Bi Mkubwa akatoka chumbani na nguo zake nyeupe, ananukia waridi. Alikuwa amenyoosha mgongo, na mgongo ule sisi tuliuzoea umepinda kwa kusuka. Mwana alimtazama, uso ukambadilika.

"Mama, hii ni ile bafta?"

"Ndiyo hiyo. Shoga yangu kaishona. Hebu nitazame, itatosha hii au nitafute na nyingine? Nasikia huko vumbi jingi."

"Huko wapi?"

Nilimwona mke wa nahodha akishusha kikombe chake taratibu. Kisha mwana akasema, tena kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliokosa:

"Mama, ile ni sanda! Nguo hakuna mjini. Juzi mtaani kwetu wamemzika bibi mmoja kwa shuka kuukuu. Nimehangaika mpaka kwa mabaharia ili mama yangu asije akaaibika, nanyi mmeikatakata!"

Sanda, zawadi ya Idi. Kwetu mtu mzima hanunuliwi sanda angali anatembea. Huinunua mwenyewe kwa jasho lake, akaifunga pamoja na udi na karafuu maiti, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na hamwambii mtu. Bi Mkubwa hakubishana. Aliingia chumbani, tukasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na furushi lililofungwa kwa ukili, akaliweka miguuni pa mwanawe.

"Sanda yangu hii hapa," akasema. "Ninayo tangu wewe hujaoa. Nimeinunua kwa mikeka. Ungeniuliza ningekwambia, baba. Mimi sikukosa ya kuzikiwa."

Mwana alikula nusu sahani ya biriani, akatazama saa, akasema ana basi la kuwahi. Hijja hakuitaja. Mama yake naye hakuitaja, wala hakuitaja tena maisha yake yote. Nilimchukia mwana yule siku ile na namchukia mpaka leo, ingawa watu huniambia alikusudia wema. Sikatai. Alimwona mama yake amebakiwa na safari moja tu, akamfungia mzigo.

Uani kwangu hatukusafiri tena. Ramadhani iliyofuata mke wa nahodha alianza na Lamu yake, Bi Mkubwa akasema, "Tusuke, shoga." Lakini zile nguo nyeupe hakuzificha. Alizivaa sokoni, alizivaa kwenye foleni ya sukari, alikwenda nazo mpaka Zinga kufuata miyaa. Wasiomjua walimpisha njia wakimwita Hajjati, naye akawajibu, "Bado, wanangu," akapita. Zilipochakaa nilizitia viraka. Hakuniomba nimshonee nyingine.

Alifariki kabla ya miaka ile ya sabini kuisha, asubuhi, mikononi mwa mke wa nahodha. Mwana alipelekewa habari akawahi. Sisi tulishamwosha, tunaikata ile sanda ya mikeka, aliposimama nje ya mlango akabisha hodi na kifurushi cha gazeti mkononi. Ilikuwa bafta mpya. Alikuwa analia kweli, siwezi kumsingizia.

"Mama zangu, nawaombeni," akasema. "Apate na cha kwangu."

Nilitoka, nikaufunga mlango nyuma yangu. Kifurushi sikukipokea. Nilimkunjia vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Itunze iwe yako, baba," nikamwambia. "Na wewe una watoto."