Bega la Kushoto

Nguo ya dukani, Mama Pini alipenda kusema, imeshonewa mtu ambaye bado hajazaliwa. Mtu huyo mabega yake yako sawa na kiuno chake hakijui uzazi. Sisi wengine, tuliokwisha kuzaliwa, tunahitaji fundi. Jina lenyewe alipewa kwa sababu ya pini alizobana midomoni kutwa nzima, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo, na bado umbea haukumpita.

Cherehani yake ilikaa kwenye kona ya duka la nguo la wifi yake, mke wa kaka yake. Walikuwa chanda na pete. Wifi anauza, mteja anajaribu, kwapa linabana au pindo linaburuta, Mama Pini anamalizia. Mkasi hakuuendekeza. Kitambaa kilichozidi alikificha ndani ya mshono, maana mwili wa mtu, alisema, hauna ahadi na mtu.

Kulikuwa na gauni moja lililowashinda wateja wote: kiuno juu mno, shingo imezubaa. Mama Pini alilifumua, akashusha kiuno vidole viwili, akabana shingo, akatia kipande cha pembe nne kwapani ili mkono uinuke. Akampa mama yake mzazi, anayeishi kwa kaka. Tangu mama aanguke na kuvunjika bega la kushoto, limelala, kwa hiyo upande huo akaushusha kidogo. Mama alipolivaa, kilema hakikuonekana. Wateja wakaanza kuomba "kama la mama", na wifi, kwa furaha, akaahidi mambo: kona itakuwa chumba cha ushonaji, na kwenye bango la duka wataandikwa wote wawili. Mama Pini hakuwahi kuliona jina lake popote ila kwenye kadi ya kliniki. Akaanza kuchagua rangi ya herufi.

Mzigo mpya ulifika Jumatatu, wifi akiwa hayupo. Mama Pini alifungua robota la kwanza na kukuta gauni lile lile, kiuno kimeshuka vidole viwili, shingo imebanwa, kipande cha pembe nne kwapani. Kwa dakika moja, masikini, alifurahi, akadhani kiwanda nacho kimezinduka. Kisha akalivisha sanamu la dukani, na bega la kushoto likalegea. Akavisha gauni lingine, bega lile lile likalegea. Wale wa kiwandani walinakili walichopewa, na kilema wakakinakili. Magauni mia moja na ishirini, yote yana bega la mama yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa chini, akamsubiri wifi.

Wifi aliporudi hakukana hata kidogo.

"Wifi, usilikuze jambo. Nilipeleka mfano tu."

"Mfano wa nani?"

"Wa duka. Kwani gauni halikutoka dukani?"

"Na bango?"

"Sasa nguo zikija zimekaa sawa, kona ya fundi ya nini tena? Ila haya ya bega nirekebishie kwanza, kabla hujahamisha cherehani."

Mama Pini alitema pini zote mezani, akatoka bila kuaga.

Alimkuta mama yake jikoni kwa kaka, ungo mapajani, anachambua mchele. Njiani kote alikuwa amemtafutia udhuru, na sasa akamkabidhi ukiwa tayari.

"Mama, wifi alipochukua lile gauni alikwambia analipeleka kufua, siyo?"

Mama aliokota kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Hakusema kufua. Alisema linakwenda kiwandani. Akaniomba nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza."

"Mwanangu, mimi ninakaa kwake."

Hapo ndipo ilipomkata hasa. Wifi ni mtu wa kuja, hata akikuuza unajua hamkuchangia ziwa. Lakini mama alijua, akamtazama akichagua rangi za herufi, akamwambia nyekundu inapendeza. Mama Pini alifungua kinywa amwambie hayo yote, na lile 'ninakaa kwake' likamrudia. Alikuwa na chumba chake mwenyewe, kikavu, chenye nafasi ya kitanda cha pili, na tangu baba afariki hajawahi kumwambia mama yake, njoo tukae wote.