Mikeka ya Matanga ya Baba

Juzi, kwenye matanga huko Kerege, niliwaona wanawake wakianika mikeka uani katikati ya msiba, na hakuna aliyewakemea. Hasira zangu za utotoni zikanipanda upya.

Baba alifariki wakati wa masika. Waombolezaji walikalia mikeka ya ukindu aliyoisuka mama, juu ya sakafu ya udongo iliyolowa. Mama akashika pindo la mkeka mmoja.

"Wifi, tuianike kidogo, nimwage mchanga mkavu chini. Maji yanapanda."

Shangazi yangu, dada yake baba, akafoka mbele ya watu. "Uinue mkeka matanga hayajaanuliwa? Unataka tuzike nani mwingine?"

Mama aliniangalia mimi, akauachia.

Kila siku uvundo ulizidi. Nilidhani ni baba, amerudi kuketi nasi. Matanga yalipoanuliwa, mikeka ilikatika mikononi, myeusi kwa ukungu. Shangazi, yule yule, akaziba pua. "Masikini kaka yangu, alioa mwanamke asiyejua hata kutunza mkeka!"

Leo najua ule ulikuwa unyevu tu wa sakafu. Lakini simsamehe. Miaka yote ile niliamini baba yangu ndivyo alivyonuka.