Pikipiki Iliyolala Kaburini Mwangu

Mwanangu, ingali mbele ya macho yangu ile siku nilipochimba kaburi langu mwenyewe. Usicheke. Najua umekuja na msasa na kopo la rangi nyekundu, unataka kuivua pikipiki ya babu yako na kuipendezesha, na mimi sikukatazi. Ila weka hiyo spana chini kwanza, vuta kigoda, nikueleze chuma hiki kilipita wapi kabla hakijaegemezwa kwenye ukuta wa nyumba hii ya Awindiri, hapa Arua. Nikimaliza utafungua nati yoyote unayotaka.

Kwetu ni Koboko, karibu na mpaka wa Kongo na Sudani, na baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini. Pikipiki hii aliinunua ikiwa tayari kuukuu, ya Kiingereza, nzito kama ng'ombe, na mlio wake tuliusikia yeye angali mbali barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia spana. Wako waliomcheka kwamba anamfundisha binti kusafisha plagi badala ya kumwacha ajifunze kupika, naye akawajibu kwamba kupika nitafundishwa na njaa. Ndivyo alivyokuwa, maneno machache na mikono haitulii. Nilimpenda sana baba yangu, na nakwambia hivyo mapema ili usije ukadhani nimekaa hapa kumsema vibaya.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na watu wa kwetu wakaanza kukimbilia Kongo na Sudani, mimi nilitangulizwa. Niliondoka na shangazi yangu alfajiri, bila kuaga mtu, tukavuka mpaka wa Kongo. Baba na mama walibaki nyuma kupanga vitu. Siku zile kila boma lilikuwa linazika mali. Mabati, cherehani, masufuria ya harusi, vyote viliingia ardhini, kila mmoja akiamini atarudi baada ya msimu mmoja tu wa mvua. Waporaji nao wakaujua mchezo huo. Wakawa wanatembea na vyuma virefu, wanadunga kila mahali palipo na udongo mpya. Makaburi tu ndiyo hawakuyadunga, na sisi, kama ujuavyo, tunazika uani, karibu na mlango.

Basi baba akachimba kaburi. Akafungua usukani na magurudumu, akaipaka injini grisi yote aliyokuwa nayo, akaziba tundu la silensa kwa nta ya nyuki, akaifunga yote kwa turubai na kuilaza chini. Lakini kaburi lazima liwe la mtu, na aliyekosekana nyumbani ni mimi. Akawatangazia majirani kwamba Hawa, yaani mimi, ameamka na homa kali, amefariki, na kwa kuwa Waislamu hatukawizi maiti, ameshazikwa. Katika fujo zile, nani angekaa kuuliza maswali?

Mmoja alikuja. Jina lake Kiden, mama mjane, Mkristo, nyumba yake ilitazamana na yetu. Sisi watoto tulimwita Habuba, maana ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuja mbio, akajitupa juu ya udongo ule, kisha akaketi na mama mkekani mpaka jioni wakilia pamoja. Baba hakumwambia kitu. Alihofia kwamba waporaji wakimkamata na kumpiga, atasema. Kesho yake baba na mama wakavuka mpaka, Habuba akabaki. Alikuwa na mwanawe, Yosefu, aliyetoka nyumbani vita vilipokaribia, naye hakutaka Yosefu arudi akute mlango umefungwa.

Baba hakuiona tena Koboko. Aliugua huko huko Kongo, na siku alipojua kwamba hatapona, aliniita nikae karibu na kichwa chake. "Hawa," aliniambia, "pikipiki iko kwa ile kaburi yako. Siku utarudi, anza kwa Kiden. Mwambia yeye kwanza. Halafu ndiyo chimba." Nikamwitikia. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Tuliporudi, miaka ya themanini imefika katikati, nyumba ya Koboko ilikuwa imechomwa, kwa hiyo mama na mimi tukapanga hapa Awindiri. Nilikuwa natengeneza baiskeli za watu, kazi niliyoifanya miaka yote ya ukimbizi. Usiku na mchana nilikuwa nawaza pikipiki tu. Sikuwa na picha ya baba wala shati lake, na kaburi lake liko nchi ya wengine. Nilijiambia kwamba nikiusikia mlio ule tena, hata mara moja, nitakuwa nimempata. Nikawaomba binamu zangu wawili, tukadandia lori la wafanyabiashara, tukaenda.

Boma letu lilikuwa limemezwa na nyasi ndefu kutushinda sisi wenyewe. Kuta zimeanguka, mti umeota jikoni. Lakini kaburi lilikuwa safi. Nasema safi, mwanangu. Pamefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana, pembeni pamezungushiwa mawe meupe. Na mimi, kwa upofu wa furaha yangu, nikawaza kitu kimoja tu: afadhali, hatutapoteza muda kulitafuta.

Tukachimba. Turubai lilikuwa limeoza pembeni, lakini nilipopangusa grisi kwa kidole, chuma kikang'aa chini yake. Nikapiga vigelegele kama niko harusini. Binamu zangu walikuwa wanaiinua ndipo nilipomwona Habuba amesimama kando ya nyasi, ufagio mkononi, kibuyu cha maji kichwani. Alikuwa amezeeka na nyonga moja imepinda. Alilitazama shimo, kisha akanitazama mimi.

"Habuba!" nikamwambia, nikicheka. "Mimi sikufa! Ilikuwa ujanja ya baba, kuficha pikipiki."

Hakucheka. Alishusha kibuyu polepole. "Nani alikuwa hapa ndani?"

"Hapana mutu, Habuba. Pikipiki tu."

Akaketi chini, pale pale kwenye udongo tuliotupa. "Yosefu wangu hakurudi," akasema. "Hakuna mutu alileta mwili, hakuna mutu alionyesha mahali. Mimi nilisema, basi, kaburi ya Hawa iko. Nafagia ya Hawa, naomba ya Hawa, halafu naomba ya Yosefu, hapa hapa. Sikuweka musalaba, najua nyinyi hamuweki. Miaka yote hii, Hawa. Mimi nilikuwa nalilia chuma?"

Laiti ningepiga magoti. Nilikuwa na haraka, lori linageuza, binamu wananiita. Nikamwambia nitamletea kitenge kizuri kutoka Arua. Kitenge, mwanangu! Tukapakia pikipiki, tukaondoka, na shimo tukaliacha wazi.

Sasa sikiliza kazi yenyewe, maana najua hiyo ndiyo unayoitaka. Pistoni ilikuwa imeganda. Nililoweka injini kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya gari, kila asubuhi najaribu kuisogeza kwa mti, polepole, mpaka ikakubali. Tangi nililitia kokoto na kulitikisa hadi mabega yakaniuma, kutu ikatoka nyekundu kama chai. Matairi na cheni nilivipata kwa Wakongomani wanaouza sokoni, spoki nikazinyoosha moja moja. Kabureta ndiyo iliyonitesa zaidi, nikaifungua na kuifunga mpaka nikaichukia. Kila kipande nilichosafisha nilikuwa namsikia baba akininong'oneza nisikaze sana. Hizo zilikuwa siku nzuri. Hata hivyo sauti ya Habuba ilikuwa inaingia katikati ya kazi, nami nikawa napiga nyundo kwa nguvu zaidi ili nisiisikie.

Siku injini ilipowaka, watu wa mtaa walitoka nje kuishangilia. Mama hakutoka. Nilimkuta ndani amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Ulianza kwa Kiden?" akaniuliza.

Nikaanza kupangusa grisi mikononi.

"Baba yako alikuambia. Mimi niko pale, nilisikia." Akafuta uso kwa pembe ya leso. "Siku ile kwa mukeka, mimi nilikuwa nalia uongo. Kiden iko nalia kweli, na iko nashika mukono yangu. Baba yako alificha mama ile ukweli ya pikipiki, halafu wewe umechimba roho ya mama mwenyewe. Hiyo chuma yako haitanifurahisha mimi, Hawa, mpaka unipeleke kwake."

Mama magoti yalikuwa yamekwisha. Asingeweza kupanda lori, wala kukaa juu ya kile kiti chembamba cha nyuma. Ndipo nilipotengeneza hiki unachokiona, ambacho jana umekiita kibaya. Nilichukua springi za kiti cha lori bovu, nikamwomba mchomeleaji aniungie fremu yenye mgongo wa kuegemea na vyuma vya kushikia pande zote mbili, na chini nikaweka vibao vipana vya miguu. Ni kweli kinaifanya pikipiki ionekane kama kitanda cha hospitali. Nikamfunga mama kwa leso asianguke, nikafunga jembe pembeni ili nikafukie lile shimo, tukaondoka Arua jua linachomoza.

Tulipofika hakukuwa na shimo.

Udongo ulikuwa umerudishwa, umepigwa vizuri, na mawe meupe yako mahali pake. Habuba na nyonga yake ile alikuwa amefukia peke yake, kijembe kwa kijembe. Safari hii pale kichwani palikuwa na msalaba mdogo wa mti. Alitoka nje aliposikia mlio, akasimama mlangoni, hakutukaribisha wala hakutufukuza.

"Kaburi haiwezi kaa wazi kwa boma ya watu," akasema. "Nilitia shati ya Yosefu. Sasa iko na mutu yake."

Mama alishuka, akatambaa, sisemi alitembea, akatambaa mpaka pale kwenye udongo, akalia. Nilimsikia mama akilia mara nyingi ukimbizini, hata baba alipokufa, lakini kilio kile sikuwahi kukisikia. Alikuwa anamlilia Yosefu, na anaomba radhi, yote pamoja, kwa Kiswahili, kwa Kikakwa cha nyumbani, kwa maneno yasiyo na lugha. Nami nikapiga magoti nyuma yake. Maneno niliyoyapanga njia nzima niliyaacha. Nilisema tu, "Habuba, nisamehe mimi."

Aliuacha mlango. Kisha akaja, akaketi kati yetu, akamshika mama mkono kama siku ile ya kwanza.

"Chuma ilikuwa inaweza kungoja," akaniambia. "Ilingoja miaka yote hiyo, ingengoja mpaka nimalize kusikia neno yako. Wewe ulikimbilia ile inangoja, ukaacha ile iko nalia." Hakunikemea zaidi ya hapo, na hadi leo sijapata kukemewa kuliko vile.

Jioni nilimuuliza kama kuna kitu chochote ninachoweza kumfanyia. Sikutaja kitenge. Akafikiri, akasema anataka kulipeleka jina la Yosefu kanisani Ediofe, kule Arua, lisomwe kwenye misa, kwa kuwa tangu vita hajawahi kufika na miguu haimbebi. Asubuhi mama alibaki kulinda kaburi. Mimi nikamkalisha Habuba kwenye kiti hiki hiki, nikampandisha miguu kwenye vibao. Hakuwa amepanda pikipiki maisha yake yote.

"Shika kiuno yangu, Habuba," nikamwambia. "Shika na nguvu."

Akanizungushia mikono. Mwanzo aliishika nguo tu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuungua. Nilipotia gia na pikipiki ikaruka mbele, akanikumbatia mzima, shavu lake likaja mgongoni kwangu. Nikasikia anasema jambo, nikapunguza mwendo nimsikie.

"Kumbe iko na joto," alikuwa anasema. "Hawa, mwili yako iko na joto."

Akalirudia hilo njia nzima mpaka Arua, na mimi naendesha nimejaa machozi, barabara siioni vizuri. Nilikuwa nimeutafuta mlio wa baba, na siku hiyo nilikuwa nao chini yangu, lakini sikumbuki niliusikia. Nakumbuka mikono yake.

Habuba alifariki miaka ya tisini, nikamzika pembeni ya shati la mwanawe. Ndiyo maana kila mwaka unaniona nakwenda Koboko na ufagio, nawe unadhani nakwenda kufagia kaburi la babu yako.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitaka kufufua kitu cha kale, iwe pikipiki, nyumba au shamba la marehemu, usianze na spana. Ukikikuta kimefagiwa, uliza ni nani amekuwa akifagia, uende mlangoni kwake, ukae, usikie. Huenda alichokuwa anakilinda si kile unachokijia. Mwambie ukweli kabla hajauona mwenyewe, na kama uwongo ulisemwa na waliokutangulia, kaubebe wewe, maana wao hawawezi tena kuomba radhi. Shimo ulilochimba lifukie kwa mkono wako, usimwachie mwenye nyonga mbovu. Zawadi utapeleka baadaye, na kama umekwisha omba radhi huenda hata isihitajike.

Paka rangi nyekundu ukipenda. Badilisha taa, kata silensa, ipige ngurumo majirani watuchukie. Ila kiti hicho cha nyuma usikiondoe nikiwa hai, na nikiisha kufa ufikiri mara mbili.

Mungu akuepushe na haraka iliyonipofusha mimi, mwanangu. Akupe mikono yenye subira, na kila utakayempakia afike salama. Na siku utakapowarudia watu waliokwisha kukulilia, akujalie wakukumbatie wakukute na joto. Haya, shika spana yako. Anza na kabureta, na usikaze sana.