Nimepata viza ya kazi, nikafungiwa nje

Viza yangu ya kazi imetoka leo. Nawaandikia nikiwa nje ya ofisi, mtaa wa Al Sadd, huku Uarabuni.

Ile ya mwanafunzi iliisha wiki tatu zilizopita. Tangu hapo nimekuwa naingia ofisini kama mgeni. Nakaa, nakunywa chai, sigusi kompyuta. Bosi alisema nizoee mazingira.

Kila asubuhi Wafula, soja wa mlangoni, hunipa kadi ya mgeni. Leo nimemwonyesha viza. Akairudisha kadi kwa droo.

"Hongera, dada. Sasa wewe si mgeni."

"Basi nipe kadi ya wafanyakazi."

"Hiyo iko ndani. Ingia uichukue."

"Niingie na nini?"

"Na kadi."

(Hakucheka. Nilimwangalia vizuri.)

Bosi amepiga sasa hivi. Anauliza mbona nimechelewa siku yangu ya kwanza kazini.

Nimjibuje?