Mama Alipokuja Kunipongeza Chuoni

Wenzangu, chekeni mmalize halafu niendelee, maana hii aibu bado hunichoma masikio kila nikipita karibu na geti la kile chuo kikuu.

Nilikuwa nimeomba kazi ya mtafiti msaidizi, utafiti wa magonjwa ya kahawa, na baada ya kuhangaika miaka na vibarua vya kufundisha hapa na pale (digrii mbili, na bado nalala kwa chumba cha ndugu yangu mjini Nyeri), nikaitwa intavyuu. Nikampigia mama kule Tetu. Sasa kumweleza mama habari za jopo na kuchujwa ni kazi ya asubuhi nzima, kwa hivyo nikafupisha: "Mama, nimeitwa kazi chuoni. Ni Alhamisi." Alipiga kelele ya furaha mpaka nikatoa simu kwa sikio, na badala ya kumrekebisha nikamwacha tu afurahi.

Alhamisi nikasimama mbele ya jopo, slaidi ukutani, naeleza vile kuvu hushambulia buni changa, na mwenyekiti, profesa mmoja wa kike, mpole, anaandika huku akitabasamu, nami nikaanza kuamini kweli kazi ni yangu. Mara huko nje, ngemi! Vigelegele, makofi, nyimbo za kanisa, na katikati ya wimbo jina langu: Wachira wetu, daktari wetu (na hata udaktari wenyewe sina).

Profesa akachungulia dirishani. "Kuna akina mama wamevaa leso za kufanana. Unawajua?"

Sijui nini kilinishika. "Hapana, Profesa. Labda ni watu wa harusi."

Hata hajaketi, mlango ukafunguka, mama huyo ndani, kibuyu cha uji mkononi, jasho usoni. "Baba!" (Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la babake.) "Kumbe hawa ndio utafanya nao kazi? Asanteni sana kunichukulia mtoto!"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu, kwa sababu mimi na mama tumefanana mpaka pengo la meno.

Profesa alisimama akamsalimia kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Lakini bado tunamsikiza. Kazi haijapeanwa."

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu.

"Aaa," akasema polepole. "Basi kunyweni tu uji, si umeshafika." Akawamiminia, akatoka, na huko nje wimbo ukakatika. Nilirudi kwa slaidi zangu nikasahau hata jina la ugonjwa niliousomea. Kazi alipewa mwingine, na simlaumu mtu.

Kilichonimaliza kabisa ni Jumapili, nje ya kanisa. Mmoja wa wale akina mama akauliza kwa sauti, "Kwani huyu kijana wako alitudanganya?"

Mama akacheka. "Ni mimi niliskia vibaya. Masikio ya uzee."

Nami nilikuwa hapo hapo nyuma yake, nimenyamaza kama jiwe. Na hiyo ndiyo sehemu anayoijua yeye. Lile jibu langu la dirishani, la watu wa harusi, hajaambiwa mpaka leo. Nimejiapia kitu kimoja: siku nikiitwa tena, hata kama ataleta kanisa lote na ng'ombe, nikiulizwa ni nani huyo anaimba, nitasema ni mama yangu kabla swali halijaisha.