Kura ya mabidoni ku robine yetu

Wazo lile lilikuwa langu. Ninalisema mbele ya yote, kwa sababu hasira nitakayoandika hapa itagusa watu wengi, na sitaki mutu afikiri mimi nilikuwa kando, ninaangalia tu.

Mu kartye yetu, huku juu ya kilima, robine ni moja. Maji inakuja inapotaka, mara nyingi asubuhi, na haikawii kukatika. Papa mumoja anashika ufunguo wa kuifungua, basi tunamwita Papa wa Ufunguo. Mbele maji haijafika, kila mutu anaweka bidoni yake ya kuchotea maji ku mustari, na ile bidoni inasimama pahali pake. Unaweza kurudi nyumbani, ukapike, ukafagie, ukirudi utakuta nafasi yako inakungoja. Hakuna anayegusa bidoni ya mwenzake. Hata wamama wasiosalimiana wanaheshimu ile. Ziwa tunaliona pale chini, kubwa vile, linang'aa, lakini kila mwaka mvua ikianza kipindupindu kinachukua watu kati ya wale wanaolinywa. Njo maana tunagombania robine.

Asubuhi ile nilikuwa na bidoni mbili. Moja yangu, na moja ya jirani yangu, mama mumoja wa kutoka kaskazini ya ziwa. Bwana yake alikuwa anavua upande wa Zongwe, na ndugu hana hapa. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu azae ku maternite mutoto mwanamuke, kadogo sana, sura yote imekunjamana. Kushuka kilima na kupanda hakuweza. Jioni alikuwa ameniita.

"Mudogo wangu, kesho uniwekee bidoni mbele. Maji imebaki sufuria moja, na mutoto anapaswa kuoshwa."

"Usiwe na wasiwasi, yaya. Itakuwa ya kwanza." Ninamwita yaya, kama dada yangu mukubwa.

Na ilikuwa ya kwanza. Nilifika mbele ya wote, nikaiweka chini ya robine, ile bidoni ya njano yenye kitambaa chekundu ku mukono wake. Yangu nikaiweka nyuma yake. Nilifurahi, nikaanza kuimba.

Wakati ule wakubwa wa upinzani walikuwa wamekutana mahali mbali kuchagua mutu mumoja wa kupambana na président. Redio ilikuwa inarudilia ile habari kutoka asubuhi mpaka jioni. Ku robine yetu tulikuwa tunaongea juu ya watatu kati yao: Tajiri, Profesa, na mwanamuke mumoja wa sheria tuliyemwita Mama Avoka. Mimi masomo niliyaacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini ndoto yangu ni kuongea mu redio, na ndoto haiombi minerval ya shule. Nikashika kipande cha mupira tunachotumia kuingizia maji mu bidoni, nikakifanya mikro.

"Wasikilizaji wapenzi, tuko hapa ku robine. Mama, wewe unamutaka nani?"

Nilianza na Mama wa Unga, anayeuza unga wa mihogo ku soko. Sauti yake inasikika mpaka ku reli.

"Mimi ni Tajiri. Mutu aliyeshiba hana haja ya kuiba."

"Uliona wapi aliyeshiba akaacha sahani?" Huyu alikuwa mama muzee mumoja, mujane wa mufanyakazi wa reli. "Wote waliotula walikuwa wameshiba. Miye niko na Profesa. Anajua vitabu."

"Na Kifaransa chake tutakiweka mu bidoni tukinywe?"

"Wewe na Tajiri wako. Alikuja hapa, akapita mu mutokari yenye vioo vyeusi. Hata mukono hakuutoa nje."

"Alitoa. Wewe ulikuwa unapigania chumvi watu wake waliyogawa."

Tukacheka. Nikauliza, "Na Mama Avoka? Hakuna anayemusemea? Anatetea wajane waliofukuzwa mu nyumba zao."

"Hana bwana," mumoja akasema. "Atatawala na nani?"

"Na wewe mwenye bwana," mujane akamujibu, "bwana yako anatawala nini? Hata redio ya nyumbani ni mutoto anaifungua."

Lakini hata yeye hakumuchukua Mama Avoka. Alimutetea kwa kicheko tu, kisha akarudi kwa Profesa wake. Na mimi, ninaandika hili nikiwa na haya, mimi njo nilikuwa ninamupenda Mama Avoka. Nilisikia sauti yake siku moja, anaongea polepole, hatukani mutu, na nikawaza: nikiongea mu redio, ningependa kuongea vile. Sikusema. Mwenye mikro hachagui, nilijidanganya hivyo.

Njo pale wazo likanikuja. Nikasema, "Sawa, wakubwa wanashindwa kuchagua, sisi tuwasaidie. Kila mutu abebe bidoni yake. Tajiri hapa, Profesa pale, Mama Avoka ku jiwe lile. Tuhesabu."

Walipenda sana. Wamama wazima, wengine wajukuu wanawaita nyumbani, wakaanza kukimbia na mabidoni kama watoto wa shule, wanavutana, wanaitana. "Kuja huku, Profesa atakuua na njaa." "Wewe kaa na Tajiri wako, atakuuzia hata ile robine." Nilikuwa ninasema mu mupira, sauti inalia, moyo umejaa.

Kisha mutu akaniuliza, "Na wewe, zuhurnaliste wetu wa redio?"

Nilikuwa na bidoni mbili. Niliangalia lile jiwe, halina mutu. Niliangalia mustari wa Tajiri, murefu, na Mama wa Unga ananiangalia. Nikakumbuka siku moja jirani yangu alisema Mama Avoka anaongea mazuri. Nikabeba bidoni yake, ile yenye kitambaa chekundu, nikaiweka ku jiwe. Bidoni yangu nikaipeleka kwa Tajiri. Tukahesabu: Tajiri kumi na moja, Profesa sita, Mama Avoka moja. Wakapiga makofi.

Na ile saa bomba likakohoa. Maji ilikuwa inakuja.

Hakuna aliyekuwa amewaza. Mustari haukuwako tena. Mustari ambao hata vita ya majirani haikuuvunja, mimi niliuvunja na kipande cha mupira. Kila mutu akajitupa ku robine. Nikalalamika, "Ile ya kitambaa ilikuwa ya kwanza, munajua wote." Mama wa Unga akasimama mbele ya robine, mikono ku kiuno.

"Walioshinda wanaanza. Njo kura ile. Uliitaka wewe mwenyewe."

"Ni maji ya mama aliyezaa."

"Basi angechagua vizuri."

Wakacheka. Nilimugeukia Papa wa Ufunguo, mutu muzima, anayeona mustari ule kila siku. Alinyanyua mabega. "Demokrasi, binti yangu," akasema, na akafungua maji mu bidoni ya Mama wa Unga.

Mpaka leo nikikumbuka mabega yale ninasikia moto mu kifua. Walijua. Wale wamama wote walizaa, wote waliwahi kulala ku mukeka wakingojea mutu awaletee maji. Kama wangekuwa hawajui ningewasamehe upesi. Tajiri wao hakujua hata kama robine yetu iko, na kwa ajili yake walimupita mutoto wa siku mbili. Watu wa Profesa walipiga kelele kwamba si haki, lakini walipiga kelele wakiwa wanasukuma zao mbele ya ile ya kitambaa. Yangu ilijaa, ya tisa. Sikuikataa. Nilijiambia nitaweka ya jirani baadaye.

Maji ilikatika watu wa Profesa wakiwa na bidoni mbili zilizobaki. Ile ya ku jiwe haikusogea hata hatua moja.

Nilipanda kilima na bidoni yangu ku kichwa na ya jirani tupu ku mukono. Nilimukuta ameketi ku mukeka, mutoto ku titi. Aliangalia bidoni iliyojaa.

"Hii ni yako. Yangu iko wapi?"

Nikamuelezea yote. Nilielezea kama kichekesho, nikitumaini atacheka, kwa sababu mimi ni mutu wa kuchekesha. Hakucheka.

"Nilikutuma uweke bidoni ku mustari. Nilikutuma unichagulie président?"

"Yaya, siku ile ulisema anaongea mazuri."

"Nilisema. Lakini anayemupenda kuliko mimi ni wewe, kila siku unanisumbua na yeye." Akamutoa mutoto ku titi, akanitazama. "Bidoni yako ilikuwa kwa nani?"

Nikatua bidoni yangu chini.

"Basi," akasema. "Umechukua mudomo wangu kwa kuogopa wako."

Nilimumiminia maji yote, mpaka tone la mwisho. Aliosha mutoto mbele yangu, kwa kiganja, hakumwaga hata kidogo. Hakusema asante na sikuingoja. Nyumbani kwetu siku ile hatukupika. Mama yangu aliuliza maji iko wapi, nikamuambia ukweli, na yeye pia alinikasirikia, na alikuwa na haki.

Kesho yake nilifika tena mbele ya wote. Bidoni ya kitambaa chini ya robine, yangu nyuma yake. Mara hii niliketi juu ya ile ya kwanza, na mupira nikaushika ku mapaja.

Watu wa Profesa walikuja wakisema kura ya jana ilikuwa ya wizi, irudiliwe. Mama wa Unga alikubali, alijua atashinda tena.

"Zuhurnaliste, simama, tubebe mabidoni."

"Kura iko," nikasema, "lakini leo ni kwa mudomo. Bidoni inabaki pahali iko. Na mimi ninaanza. Niko kwa Mama Avoka."

"Uko peke yako."

"Niko peke yangu, na niko wa pili ku mustari. Wa kwanza hayuko hapa na hakunituma kumusemea."

"Umekasirika, binti."

"Ndiyo, mama. Tangu jana."

Hawakucheka sana. Mujane wa reli alisukuma bidoni yake nyuma ya yangu, na wengine wakafuata, wakinung'unika juu ya Tajiri, juu ya Profesa, juu yangu. Bomba likakohoa. Papa wa Ufunguo alinyoosha mukono achukue mupira. Sikumupa. Niliuingiza mwenyewe mu bidoni ya kitambaa chekundu, nikaushikilia mpaka ikajaa.